Wa Mwisho Anashuka Wapi?

Kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu ilikuwa kuwafundisha walimu watarajiwa, na katika miaka hiyo nilihakiki darasani riwaya, tamthilia na diwani za mashairi ambazo idadi yake siikumbuki tena. Sikupata kudhani kwamba baada ya kustaafu ningeketi barazani, miwani puani, nikihakiki orodha ya bei ya gari. Lakini ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018, na kwa kuwa uhakiki ule niliufanya vibaya, nimeona niurudie hapa. Mwalimu aliyesahihisha vibaya hana budi kuyaitisha madaftari tena.

Mwanangu wa pili anaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako yeye na mkewe wanafanya kazi hospitalini. Mwaka ule alikuwa ameamua kununua gari la umeme lililokwisha kutumika. Alikuwa amepata mawili kwa muuzaji mmoja, yote ni Tesla Model S, yote ya mwaka 2013, na bei zake zilikaribiana mno. Tofauti zilizomtatiza zilikuwa mbili. Gari la kwanza lilikuwa na betri ndogo, ile ya 60, lakini lilikuwa na springi za upepo. La pili lilikuwa na betri kubwa, ile ya 85, nalo lilikuwa na springi za kawaida za chuma. Akanipigia simu. "Shikamoo Baba," akasema, "ungekuwa wewe ungechukua lipi?" Kisha akanitumia picha za magari yote mawili, pamoja na orodha ya bei ya wakati ule yalipokuwa mapya, ili nione kila kitu kiliuzwaje.

Kwanza nimweleze msomaji gari lenyewe. Model S ilianza kukabidhiwa wanunuzi mwezi Juni 2012, kutoka kiwanda cha Fremont, California, ambacho kabla ya hapo kilikuwa cha ubia kati ya General Motors na Toyota. Halikuwa gari la kila mtu. Mwaka 2013 lile la 60 lilianzia karibu dola 70,000, na lile la 85 karibu dola 80,000, kabla ya nafuu ya kodi ya dola 7,500 ambayo serikali ya Marekani iliwapa wanunuzi wa magari ya aina hiyo wakati ule. Betri yake haikuwa boksi dogo chini ya boneti kama ile tuliyoizoea. Ilikuwa ni seli ndogo ndogo, kila moja imezidi kidogo tu ukubwa wa betri ya redio nyembamba kama kidole. Katika betri ya 85 seli hizo zilizidi 7,000, zimepangwa ndani ya sanduku bapa lililotandazwa chini ya sakafu ya gari. Sanduku hilo peke yake lilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani, na gari zima tani mbili na ziada.

Namba 60 na 85 ni kilowati-saa, na msomaji asitishike na neno hilo. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ile ile tunayoinunua kwa ajili ya luku. Kwa hiyo betri ya 60 ni tangi linalobeba uniti 60, na ya 85 ni tangi la uniti 85. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, gari la 60 lilikadiriwa kwenda maili 208 kwa chaji moja, yaani kilomita 335 hivi. La 85 maili 265, yaani kilomita 426 hivi.

Ama springi za upepo, hizo ni mifuko ya mpira iliyojazwa hewa na kompresa, ikisimama mahali pa chuma kilichoviringishwa. Dereva aliweza kuliinua gari anapopita mahali penye mwinuko mkali au theluji nyingi. Gari likienda kasi kwenye barabara kuu lilijishusha lenyewe ili lipunguze upinzani wa hewa. Likijaa watu na mizigo nyuma, halikuinama, lilijiweka sawa. Nyongeza hii iliuzwa mwanzoni kwa dola 1,500, kisha bei ikapanda ikapita 2,000.

Sasa niihakiki orodha yenyewe, nikianza na sifa zake, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu kufanya. Ilikuwa fupi. Haikumzungusha msomaji. Kila kitu kilikuwa na jina lake na bei yake pembeni, na jumla ilikuwa jumla kweli. Yeyote aliyewahi kupeleka gari lake kwa fundi asubuhi na kulichukua jioni pamoja na hesabu asiyoielewa ataona kwamba hilo si jambo dogo.

Lakini kasoro zake zilikuwa tatu, na zote tatu zilinipita.

Kasoro ya kwanza ilikuwa katika namba. Mtu akimwandikia mwalimu 60 na 85, mwalimu anaona maksi za mtihani. Sitini ni kijana aliyefaulu wastani. Themanini na tano ni yule anayepewa zawadi siku ya mahafali. Mnunuzi mwenye fedha ataichukua 85 ili asionekane wa wastani, na mnunuzi mwenye tabia yangu ataichukua 60 kwa sababu kufaulu ni kufaulu, na ziada ni majivuno. Wote wawili watakuwa wamekosea kwa njia moja: wamesoma ukubwa wa tangi kana kwamba ni daraja la heshima. Tangi halina heshima. Linatosha kufika au halitoshi.

Na namba hiyo haikuwa ukweli mtupu kila mara. Hapo mwanzo palikuwa pia na betri ya 40. Walioiagiza walikuwa asilimia 4 tu ya wateja, na mwaka 2013 kampuni ikatangaza kwamba haitaitengeneza. Waliokwisha kuiagiza walipewa magari yenye betri ya 60 iliyofungwa kwa programu ya kompyuta, isitoe zaidi ya 40. Hebu fikiri, msomaji: mtu anaendesha gari akiwa amebeba chini ya miguu yake uniti 20 ambazo haruhusiwi kuzigusa mpaka alipe. Miaka ya baadaye mtindo huo ulirudi kwa betri za ukubwa mwingine. Mwezi Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kinaikabili Florida na watu wanakimbia, kampuni iliyafungua kwa muda magari kama hayo yaliyokuwa jimboni humo, ili wenyewe wapate umbali zaidi wa kukimbilia. Lilikuwa jambo la kiungwana, na pia lilikuwa somo. Siku ile ya kukimbia, kitu walichohitaji kuongezewa kilikuwa kilomita.

Kasoro ya pili ilikuwa kupanga springi na betri katika orodha moja kama wali na ugali, mtu achague anachopenda. Springi mtu huzisikia mara tu anapolijaribu gari, kabla hata ya kutoa senti. Anapita juu ya shimo, gari linanesa kidogo, anatabasamu. Betri haisikiki kabisa siku hiyo. Inasikika miezi sita baadaye, usiku, kwenye barabara asiyoijua. Tena ubaya wa springi unaweza kupunguzwa. Gari lile liliuzwa na rimu za inchi 19 au za inchi 21, na yule aliyechagua za 19 alipata tairi zenye mpira mnene zaidi, akapunguza mtikisiko bila springi za upepo. Lakini hakuna fundi wa kawaida atakayekuongezea uniti 25 chini ya sakafu.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonigharimu. Baadhi ya mambo yalifungamana na betri, lakini mtu asiyejua hakuweza kuyaona kwa mtazamo wa kwanza. Gari la 85 lilikuja na ruhusa ya kutumia vituo vya kampuni vya kuchaji kwa haraka. Gari la 60 halikuja nayo. Mnunuzi alitakiwa kuiongeza kwa dola 2,000. Dhamana ya betri zote mbili ilikuwa ya miaka 8, ila ya 85 haikuwa na kikomo cha maili, na ya 60 ilikoma pia zikitimia maili 125,000. Ama gari lenyewe kwa jumla, pamoja na springi zake, lilidhaminiwa miaka 4 au maili 50,000 tu. Maana yake ni kwamba mwaka 2018, katika magari yale mawili, betri zilikuwa bado zina mlezi, lakini kompresa na mifuko ya mpira ilikuwa imekwisha kuwa yatima. Ikipasuka, ni mfuko wa mwenye gari.

Katika masomo yangu ya fasihi nilikuwa nikiwakataza wanafunzi kuandika ukurasa mmoja wa maudhui na ukurasa mmoja wa fani, kana kwamba vitu hivyo havijuani. Nilikuwa nikiwaambia kwamba namna jambo linavyosemwa ni sehemu ya jambo lenyewe. Gari hili lingenifaa sana kama mfano. Mwezi Oktoba 2013, katika jimbo la Washington, Model S moja ilikanyaga kipande cha chuma barabarani, chuma kikatoboa sanduku la betri, na moto ukawaka. Mwezi uliofuata ikatokea tena huko Tennessee. Madereva walitoka salama. Ndipo watu wakaanza kutazama lile jambo la gari kujishusha likiwa katika mwendo kasi. Mwezi Novemba kampuni ikabadilisha programu ili magari yenye springi za upepo yasishuke sana kwenye barabara kuu, na mwezi Machi 2014 ikaanza kuweka ngao chini ya betri, mojawapo ya tabaka zake ikiwa ya titani. Basi urefu wa springi ndio ulioamua umbali kati ya betri na vyuma vya barabarani, na kushuka kule kuliisaidia betri ifike mbali zaidi. Anayechagua springi amekwisha kuigusa betri, na anayechagua betri amekwisha kuzibebesha springi zaidi ya nusu tani.

Hayo yote yalikuwa yameandikwa na kuchapishwa zamani mwaka 2018. Sikuyatafuta. Niliitazama orodha jioni moja tu, na asubuhi yake nikampigia mwanangu.

Nilimwambia achukue lile la springi za upepo. Nilimpa sababu tatu, kwa mpangilio mzuri, kama mtu anayeandika ubaoni. Kwanza, mgongo wa mama yao. Tulikuwa tumepanga kwenda kuwatembelea, na mama yao hawezi mtikisiko. Pili, safari yake ya kwenda kazini na kurudi haifiki kilomita 40 kwa siku, sasa uniti 85 ni za nini? Tatu, mimi mwenyewe nimepanda kwa miaka mingi Land Rover ya chuo yenye springi za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na najua barabara mbovu inavyoutendea uti wa mgongo. Nilimalizia kwa methali, ambayo sitairudia hapa kwa aibu.

Mwanangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa Baba, nashukuru." Akalinunua lile la 60.

Tulikwenda kuwatembelea mwezi Januari 2020. Sitaki kuwa mwongo kuhusu zile springi: zilikuwa nzuri. Huko Minnesota maji huingia katika nyufa za lami, yakaganda, yakatanuka, yakaivunja lami, hata barabara za mji mkubwa zina mashimo ambayo nilidhani ni ya kwetu tu. Gari lilipita juu yake kama mtu anayepita msikitini na soksi. Mama yao alilala usingizi kwenye kiti cha nyuma. Nikajipongeza moyoni.

Wiki ya pili ikaja habari ya msiba. Familia moja ya Watanzania walio marafiki wa mwanangu, wakazi wa Duluth, ilifiwa na baba. Duluth iko kaskazini, kwenye ziwa Superior, kilomita 250 hivi kutoka Minneapolis. Msiba hausubiri hali ya hewa, kwa hiyo tuliondoka asubuhi, sisi watano: mwanangu, mkewe, mjukuu wetu wa miaka sita, mama yao na mimi. Baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kwa hesabu ya orodha, gari la kilomita 335 linafika Duluth na akiba ya kutosha. Lakini baridi haisomi orodha. Seli za betri zikiwa baridi hazitoi nguvu kwa wepesi. Hewa nzito ya baridi hulikinza gari zaidi. Na hita, ambayo katika gari la petroli hutumia joto la injini linalopotea bure, katika gari la umeme hunywa kutoka tangi lile lile linalozungusha magurudumu. Theluthi ya umbali inaweza kwenda hivi hivi. Ongeza hapo kwamba betri ilikuwa imekwisha kutumika miaka saba, na betri nayo huzeeka kama sisi.

Hatukuwa tumefika nusu ya njia nilipoona mwanangu anapunguza mwendo. Kisha akanyoosha mkono akazima hita, akasema kwa sauti ya kawaida, "Tuvumilie kidogo." Tukavumilia. Vioo vikaanza kushika barafu kwa ndani. Mjukuu wetu akauliza, "Bibi, mbona pumzi zetu zinaonekana?" Bibi yake akamfunika kwa kitenge chake na koti lake mwenyewe. Wala hapakuwa na haja ya kutafuta kituo cha kuchaji kwa haraka, kwa maana yule mwenye gari wa kwanza hakuwa amelipia zile dola 2,000. Tulifika. Kioo cha mbele ya dereva kilisema zimebaki kilomita 14.

Kosa halikuwa la gari. Gari lilifanya hasa kile ambacho tangi la uniti 60 linaweza kufanya katika baridi ile. Nilipiga hesabu baadaye: kwa tangi la 85 tungefika hita ikiwaka, na mtoto angelala. Kwa springi za chuma tungetikisika kidogo zaidi, na mgongo wa mama yao, ulioumia siku tatu kwa ile baridi, ungekuwa salama zaidi.

Lakini hilo si lililoniuma kuliko yote. Usiku ule wanaume walikaa na wafiwa, kama desturi ilivyo. Mwanangu hakukaa. Alikuwa amelipeleka gari kwenye maegesho ya mjini yenye chaja ya kawaida, na chaja ya kawaida hujaza taratibu. Alisubiri huko kwa saa nyingi, akirudi na kwenda tena, ili kesho yake aweze kuturudisha. Marehemu alikuwa amempokea mwanangu alipofika nchi ile akiwa hana mtu. Na mwanangu alikuwa maegeshoni kwa sababu ya ushauri wangu.

Tuliporudi nilimwambia, "Mwanangu, nilikushauri vibaya."

"Hapana Baba," akasema. "Hukujua habari za Duluth."

"Huwa unakwenda huko?"

"Mara nyingi. Kila baada ya miezi miwili hivi."

"Mbona hukuniambia?"

Akasita, halafu akasema, "Hukuniuliza. Nami sikutaka kukupinga."

Nimeyafikiri maneno hayo tangu siku ile. Nilikuwa nimewafundisha mamia ya walimu kwamba somo huanza kwa swali, ili mwalimu ajue mwanafunzi anajua nini na anatoka wapi. Mwanangu mwenyewe aliponijia na daftari lake, nilianza kwa jibu. Na kwa kuwa tumewalea watoto wetu wasibishane na wakubwa, heshima ile tuliyowafundisha ndiyo iliyomfunga mdomo. Alikuwa na betri ya 85 moyoni tangu mwanzo. Alitaka tu kusikia baba yake akimwuliza.

Kibaya zaidi ni kwamba jibu nililokuwa nalo, ningelitafuta katika maisha yangu mwenyewe badala ya kulitafuta katika mgongo wangu. Nilitaja Land Rover ya chuo. Ni kweli ilitutikisa. Lakini katika miaka ya mwanzo ya 1980, tulipokuwa tukiwasambaza wanachuo vijijini kwa mazoezi ya kufundisha, sikumbuki hata siku moja mtu yeyote akiuliza habari za springi. Petroli ilikuwa adimu, na kuendesha magari Jumapili alasiri kulipigwa marufuku ili kuiokoa iliyopo. Kitu cha kwanza kupakiwa kilikuwa dumu la petroli, ndipo magodoro na masanduku ya chaki. Dereva wetu, mzee mpole asiyesoma sana, alikuwa akitumbukiza kijiti katika tangi, akikitazama kilipolowa, kisha akitugeukia na kuuliza swali lile lile kila safari: "Wa mwisho anashuka wapi?"

Hakuuliza wa kwanza anashuka wapi, wala wengi wanashuka wapi. Aliuliza wa mwisho, yule wa shule ya mbali kuliko zote, kisha akapiga hesabu ya kwenda na kurudi, na ya mvua ikinyesha. Kama kijiti hakikukubali, hatukuondoka. Katika miaka yote ile hatukupata kulala njiani kwa kukosa mafuta. Nilikuwa mtu mwenye shahada, nikimwona dereva kila muhula akiuliza swali lile, na sikuliandika popote.

Basi huu hapa uhakiki wangu wa pili, naomba ufute ule wa kwanza. Mtu anayechagua kati ya springi na betri aanze kwa swali la dereva wetu. Safari yake ndefu kuliko zote asiyoweza kuikataa ni ipi, nani watakuwa ndani ya gari, na siku hiyo hali ya hewa itakuwaje? Akishapata umbali huo, asiulinganishe na namba ya orodha, bali na namba hiyo ikishapunguzwa. Apunguze theluthi kama kwake kuna baridi kali. Apunguze sehemu ya uzee kama gari ni la zamani. Akumbuke pia kwamba betri za aina hii hushauriwa zisijazwe pomoni kila siku, bali asilimia 80 au 90, na kujaa kabisa kuwekwe kwa ajili ya safari. Halafu aulize kama gari lile, hilo hasa lililo mbele yake, linaruhusiwa kuchaji haraka njiani. Namba iliyobaki ikitosha, betri ndogo ni betri nzuri, wala asione haya kwa kuwa haikupata maksi 85. Mtu asiyetoka mjini, mwenye soketi nyumbani kwake, hana sababu ya kubeba uniti asizozitumia.

Baada ya hapo ndipo ageukie springi. Hata hapo aulize umri wa gari. Springi za upepo katika gari jipya lenye dhamana ni raha ya halali, na kwa mwenye mgonjwa nyumbani, au mwenye mlango wa gereji ulioinuka, si anasa hata kidogo. Katika gari kuukuu lisilo na dhamana, chuma kilichoviringishwa hakina kompresa ya kufa wala mpira wa kuvuja. Anayetaka ulaini atafute kwanza rimu ndogo na tairi nene.

Ama mshauri, hasa akiwa mzee na anayeshauriwa ni mtoto wake, namwomba asijibu siku ile ile. Auliza kwanza, kisha anyamaze, tena anyamaze muda wa kutosha hata yule mwenye heshima apate ujasiri wa kusema anachokitaka. Mwaka 2022 mwanangu aliliuza lile gari. Alipotafuta jingine alinipigia tena, jambo ambalo sikulistahili. Safari hii nilimwuliza swali moja tu, lile la dereva, nikashika simu sikioni. Alizungumza karibu saa nzima. Alinitajia Duluth, akanitajia na miji mingine miwili ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, na watu wake walioko huko, nani ni mgonjwa na nani ana mtoto mchanga. Kuhusu springi hakusema neno.

Ile orodha ya bei bado ninayo, nimeiweka ndani ya daftari langu la maandalio ya masomo. Ina mistari mingi, kila mmoja na bei yake. Swali la dereva wetu halimo, na siwalaumu walioiandika. Wao walikuwa wanauza gari. Kuuliza ilikuwa kazi yangu.